Kondoo Aliyenyolewa Asipelekwe Kwenye Maua ya Manjano

Naandika haya kwa kila mama mwenye mwana mjuaji. Wangu anaitwa Callan, na mwezi wa kumi na moja alikuwa na kondoo majike mia na arobaini, wa kwanza kuwa wake mwenyewe. Wanyoaji walikuwa wametoka kumaliza kazi, kondoo weupe kama mayai yaliyomenywa, na malisho ya bondeni yamebaki vumbi tupu. Kilima cha nyuma kilikuwa kijani, kimejaa maua ya manjano.

"Mwanangu, kule usiwapeleke," nilimwambia. "Yale ni magugu ya Mtakatifu Yohana. Ukiminya kitumba chake, vidole vinabaki vyekundu. Kondoo akiyala, jua linamchoma. Tunawapitisha kule wakati wa baridi, magugu yakiwa mafupi na sufu ndefu. Hawa wako uchi!"

Akacheka Vern, baba mkwe wake, aliyekuja kunywa chai na wiki ya tatu bado yupo. Vern ameuza matrekta miaka thelathini, kwa hiyo kondoo anawajua sana.

"Dada Noreen, mnyama ana akili zake. Hali kitu cha kumdhuru."

"Kondoo, kaka? Huyu anayemfuata mwenzake mpaka shimoni?"

"Mama nawe!" Callan akadakia. "Hata wingu likipita unaogopa."

Naogopa, ndiyo. Ndiyo kazi niliyopewa siku nilipomzaa.

Wakapelekwa. Wiki ya kwanza walikula kwa raha, Vern akiwapiga picha na kuwatumia watu ambao hawakumuuliza. Wiki ya pili masikio yakavimba yakalala. Pua zikatoka magamba. Wakawa wanajisugua kwenye nguzo za ua mpaka damu, na wengine wakaingia bwawani wakasimama, maji yamefika tumboni, hawataki kutoka.

"Wanaoga," Vern akasema. "Si mnaona joto lenyewe?"

Callan hakucheka. Alimshika mmoja kichwa, macho yamefungwa kwa uvimbe, akanigeukia. "Mama, nifanye nini?"

Nilitamani kumwambia awaulize wenye akili zao. Lakini alikuwa analia.

"Wote ndani ya banda la kunyolea, sasa hivi. Ziba madirisha kwa magunia. Nyasi kavu na maji utawabebea mwenyewe, na hakuna kutoka mchana mpaka niseme."

Alibeba siku kumi na tano, mikono ikamchubuka. Hata hivyo tulipoteza ishirini na tisa, karibu wote wenye mimba.

Tulipokuwa tunawazika, Vern akasimama pembeni na kikombe chake. "Mimi naona kosa ni la jua," akasema. "Mwaka huu limezidi."

Callan akachomoa koleo ardhini, akampa.

"Shika, baba. Bado kumi na wanane."

Nami nikamletea kofia, maana jua limezidi.