Siku Mardhiya Alipoziba Masikio

Mama mwenzangu, kama una simu na zile nyuzi za kutia masikioni, yasikie yaliyomkuta Mardhiya wa huku kwetu Wete, halafu ujipime mwenyewe.

Mardhiya ni mke wa mtu na mama wa Ummkulthum, mtoto wa darasa la sita. Mumewe yuko kazini Unguja, kwa hiyo nyumbani wapo wanawake watupu: yeye, binti yake, na mama mkwe, Bi Mwanapili, ambaye macho yamemwingia ukungu hata kikombe cha chai hutiwa mkononi. Msimu huu mikarafuu ya Bi Mwanapili ilizaa vizuri, naye akasema karafuu hizo ndizo zitakazompeleka hospitali akasafishwe macho.

"Nataka nimuone huyu mjukuu wangu kafanana na nani," alisema. "Mardhiya, mwanangu, mie sioni jua wala wingu. Jamvi liko mikononi mwako."

Na kuanika karafuu si kumwaga tu kwenye jamvi ukaenda zako. Wingu la vuli halibishi hodi. Anayeliona mwanzo hupiga ukelele, "Mvua hiyooo!" na mtaa mzima hutoka mbio kuanua. Karafuu ikinyeshewa kabla haijakauka huvimba na kupauka, inakuwa mpeta, na mnunuzi huitazama kama takataka.

Sasa, kulikuwa na wimbo. Wimbo wa roki, wa Wazungu wenye nywele ndefu, ambao Mardhiya aliupata kwenye kaseti iliyoletwa kutoka Tanga na kaka yake, wakati yeye ni msichana wa kumaliza darasa la saba. Maneno hakuyajua hata moja. Alichokijua ni lile gitaa, linavyoanza polepole kama mtu anayenung'unika, halafu linapasuka likalia hadi kifua kikatetema. Yeye na rafiki yake Rahila walikuwa wakijifungia chumba cha uani, redio wameifunika mto, wakitikisa vichwa mpaka ushungi unaanguka. Kisha kaseti ikaliwa na redio, wakaolewa, mambo yakaisha.

Yalikuwa yameisha mpaka Rahila, ambaye sasa ni jirani yake ukuta kwa ukuta, alipomrushia wimbo ule kwenye simu. "Weye Mardhiya, si ule wetu huu?"

Mardhiya aliusikiliza mara moja akalia. Tangu hapo akawa nao kama mvuta sigara. Akipika, anao. Akifua, anao. Kila ukiisha anajiona amerudi kuwa mama wa watu, mgongo unauma, basi anaurudisha mwanzo.

Siku yenyewe, Bi Mwanapili alikwenda msibani nyumba ya pili, ameshikwa mkono na Ummkulthum. Karafuu zilikuwa zimebakiwa na jua la kutwa moja tu. Mardhiya alisema aingie ndani mara moja, asikilize wimbo mmoja, atoke. Akatia nyuzi masikioni. Gitaa lilipopasuka, akatupa mtandio kitandani, akaukamata ufagio akaupiga kama gitaa, macho kayafumba, jasho linamtiririka. Ukaisha. Akaurudisha.

Nje watu walipiga ukelele wa mvua. Rahila akabisha hodi, akabisha tena, akaona atakuwa hayupo, akavamia jamvi peke yake. Lakini mvua ile ilikuja kwa kishindo. Alipoona maji yanapita katikati ya karafuu, akaingia ndani kutafuta kitu cha kuzifunikia, na ndipo alipomkuta mwenziwe kichwa wazi, anarukaruka na ufagio.

Mardhiya alifumbua macho. Wakatazamana. Rahila alitazama ufagio, akatazama chini, kama mtu aliyemfumania mwenziwe bafuni.

Wakatoka mbio, lakini walichokusanya kilikuwa maji na karafuu. Bi Mwanapili naye akafika, kalowa, anaongozwa na mjukuu wake.

"Mardhiya! Karafuu ziko wapi, mwanangu? Mbona nasikia maji yanapiga jamvi? Ulikuwa wapi weye?"

Hapo ndipo ulimi wake ulipomponza. "Nilikuwa nasali, mama. Nilikuwa kwenye sala, sikuweza kukata."

Bi Mwanapili akanyoosha mkono, akampapasa uso. Ulikuwa majimaji, tena ya vuguvugu, si ya baridi kama mvua.

"Na udhu haujamkauka," alisema taratibu. "Basi. Mungu ndiye aliyeleta mvua. Nani wa kumlaumu mtu aliyekuwa mbele ya Mola wake?"

Rahila akageuka akaenda kwao.

Karafuu zile zikawa mpeta, na safari ya hospitali ikangoja msimu mwingine. Bi Mwanapili hakulalamika. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia, "Mkwe wangu alikuwa anasali, wallahi, nimeushika uso wake kwa mkono wangu huu." Wanawake wakamtazama Mardhiya kwa heshima. Alitamani ardhi ipasuke. Simu akaitia chini ya godoro, akaona mambo yatatulia.

Haikupita hata wiki akamwachia Ummkulthum chungu cha muhogo jikoni. Aliporudi, moshi ulikuwa umejaa nyumba nzima na muhogo ni mkaa. Mtoto ametoka chumbani anapepesuka na usingizi wa kukatizwa.

"Weye mtoto! Nimekwambia uangalie chungu! Ulikuwa wapi?"

Ummkulthum akamtazama usoni, hakupepesa.

"Nilikuwa nasali, mama."

Mkono wa Mardhiya uliokwishainuka ukabaki juu.

"Muongo mkubwa!"

"Siku ile ya mvua zile nyuzi zilikuwa zinaning'inia shingoni mwako," mtoto alisema kwa sauti ndogo. "Bibi tu ndiye hakuziona."

Mardhiya akaushusha mkono. Akamshika binti yake, wakaenda pamoja mpaka barazani, ambako Bi Mwanapili alikuwa anavuta tasbihi. Akapiga magoti, akasema yote, wimbo, ufagio na uongo, mtoto amesimama anasikia. Alitaraji kutukanwa. Afadhali angetukanwa.

Tasbihi ikasimama mkononi mwa Bi Mwanapili.

"Nimewaapia watu," alisema.

"Nisamehe, mama."

"Kumbe lile lilikuwa jasho."

Akaukunjua mkono wake wa kulia, akaufuta kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole. Kisha akamwita mjukuu wake amshike, akasema anataka kwenda nyumba za wote aliowaapia, moja moja, akakiondoe kiapo chake.

"Nami nitakwenda, mama," Mardhiya alisema.

"Weye jifunge ushungi vizuri kwanza," alijibu Bi Mwanapili. "Watu watakutazama."