Betri ya Wageni

Kompyuta ya marehemu baba ilikuwa na kiburi. Ukiichomeka ukutani inafanya kazi bila neno. Ukiichomoa tu, kioo cheusi tii, hata kuaga haiagi. Hata waya ukitikisika kidogo, imezima. Na soketi yenyewe ya sebuleni ilikuwa imelegea kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Kitindamimba alikuwa ameizoea hali hiyo, ila siku hiyo alasiri alikuwa na usaili wa kazi kwa video. Alishakaa nyumbani bila kazi mpaka majirani wakachoka kumuuliza. Simu yake ilishakufa kamera. Kompyuta ikizima katikati ya maswali, basi tena, kazi ndiyo hiyo imekwenda na maji.

Shemeji yake, mume wa dada, akajitolea kuitengeneza. Huyu ni mtu ambaye tangu azaliwe hajawahi kutamka neno "sijui".

"Ni virusi," akasema.

"Virusi vya kwenye waya, shemeji?"

"Vipo. Vinapenda joto."

Akaipuliza. Akakipangusa kichwa cha chaja kwa shati lake. Akaizima, akaiwasha, kisha akachomoa chaja. Tii.

"Nilijua itazima," akasema.

"Ulijua, ukachomoa?"

"Nilikuwa nahakikisha."

"Hebu igeuze tuone betri."

"Thubutu!" Mama akafoka kutoka jikoni.

Tatizo ni kwamba kompyuta ilikuwa imevaa nguo. Katika nyumba ile kila kitu kilivaa: rimoti iliishi ndani ya nailoni, makochi yalifunikwa gubigubi, na kompyuta Mama aliishonea koti la maua lenye vifungo. Tangu mumewe afariki, hakuna aliyethubutu kulivua.

"Mama, nina usaili!"

"Usaili na kuvua nguo vinahusiana nini?"

Vikafunguliwa vifungo kwa shingo upande. Kule chini, mahali pa betri, palikuwa na kipande cha boksi la sabuni, kimekatwa vizuri, kimekaa sawasawa.

Shemeji akakikodolea macho. "Hii ni modeli ya zamani," akasema.

"Mama, betri iko wapi?"

"Nimeitunza," Mama akajibu, kama mtu aliyeulizwa jambo la wazi. "Baba yako alisema ikitumika sana inachakaa. Alipotutoka nikaitoa, ibaki mpya."

Akaenda kabatini, kwenye vikombe vya wageni ambavyo wageni wenyewe hawajawahi kuviona, akatoa betri iliyofungwa ndani ya leso ya baba. Wakaipachika, wakaichaji, wakangoja na roho mkononi. Wakachomoa. Tii.

"Imekufa, Mama."

"Haiwezekani! Sijaigusa hata siku moja!"

"Ndiyo maana."

Mama akakaa kitako, leso mkononi, akilitazama lile kabati. Hakulia. Angelia, Kitindamimba angejua la kufanya. Alitamani ayameze maneno yake.

Muda wa usaili ukafika. Mama akanyanyuka, akapiga magoti chini ya soketi, akaikamata plagi kwa mikono miwili. "Wewe ongea," akasema. "Haizimi hii."

Haikuzima. Kitindamimba akajibu maswali kwa ufasaha mpaka sauti ikatoka sakafuni: "Waambie unaamka mapema!"

"Kuna mtu hapo?" akauliza mama mmoja wa miwani kwenye kioo, bosi wa wasaili.

Shemeji akatikisa kichwa kwa nguvu: kataa, kataa! Kitindamimba akampuuza.

"Ni mama yangu. Kompyuta haina betri, ameshikilia plagi isizime."

"Muda wote huu?"

"Muda wote."

Bosi akavua miwani, akaipangusa. "Basi tufupishe, asije akachoka."

"Sichoki!" Mama akadakia.

Wakacheka wote. "Huku kwetu soketi ni nzima," bosi akasema mwishoni. "Njoo Jumatatu uanze."

Vidole vya Mama viligoma kukunjuka. Kitindamimba akavibandua kimoja kimoja, huku machozi yakimtoka na kicheko kikimtoka. Shemeji akaleta chai kwenye kikombe cha plastiki, kile kilichoungua ukingoni.

Mama akakitazama. "Rudisha hicho. Fungua kabati."

"Kwani kuna wageni wanakuja, Mama?"

"Fungua kabati, mkwe wangu, kabla na mimi sijafa."