Aya Iliyosomwa Nusu

Karakana ile ya makochi ilikuwa na mafundi wawili. Mmoja walimwita Hajati, ingawa hajawahi kuhiji, kwa kuwa sala haikumpita. Mwenzake aliitwa Redio, na sababu yake hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kazi yenyewe ilitaka mikono minne: Hajati anavuta kitambaa, Redio anapiga misumari.

Jumatatu Redio alibandua karatasi ya maelezo kwenye sponji, akajifunga taulo kichwani, akaanza kuisoma kwa mahadhi ya msomaji wa msahafu. "Usiweke karibu na moto," alighani, akilivuta neno la mwisho mpaka pumzi ikamwishia. Wateja wawili mlangoni wakacheka. Hajati aliachia kitambaa, akatoka, akaenda zake nyumbani, na saa nne ya asubuhi haijafika.

Kaka yake, dereva wa lori, hakutaka maneno mengi. "Aya iko wazi, dada. Wanaoifanyia dini mzaha, usikae nao. Acha kazi."

Aya hiyo Hajati aliijua, lakini roho haikutulia. Alasiri akaenda kwa shangazi yake, aliyekuwa akiwafundisha wanawake tafsiri.

"Kaka yako ameshuka kabla ya kituo," shangazi alisema, akamfungulia msahafu. "Endelea hapo alipoachia."

Hajati akaendelea. Kumbe aya ilimkataza kukaa nao mpaka waingie katika maneno mengine. Aliirudia mara mbili, kama mtu aliyegundua mlango kwenye nyumba aliyozaliwa.

"Kwa hiyo kuna kurudi?"

"Kuna kuondoka kwanza. Ukikaa umekuwa kama wao, hilo nalo limo. Ukishatoka ndipo inakuja hiyo 'mpaka'."

"Sasa shangazi, nikiwa nyumbani, nitajuaje kwamba wamebadili maneno?"

Shangazi alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Miaka ishirini naifundisha aya hii, hilo hajaniuliza mtu," alisema. "Labda usiende mbali."

Kesho yake Hajati alirudi kazini, na Redio akaanza tena. Hajati alitoka, ila safari hii alikaa kwenye benchi la nje, hatua tano tu kutoka mlangoni. Ndani mahadhi yaliendelea kidogo, yakalegea, kisha ikasikika nyundo, na Redio akinung'unika peke yake kwamba kitambaa kinakwenda upande. Hajati akaingia, akakishika.

"Nilidhani umeenda kunishtaki kwa bosi," Redio alisema.

"Nimetoka kwa aya, nimerudi kwa aya hiyohiyo."

Redio akashusha nyundo, akataka aelezwe. Akaelezwa yote, na ile "mpaka" pia.

"Kwa hiyo ulikuwa hapo nje unanisubiri nimalize?"

"Nilikuwa nasikiliza umefika wapi."

Redio hakuomba radhi. Wiki ile Hajati alitoka mara mbili zaidi, ya pili ikiwa fupi hata benchi halikupata joto. Ijumaa, wakinywa chai, Redio aliuliza huyo shangazi hufundisha siku gani, na kama mtu asiyesali anaruhusiwa kuleta swali.

"Swali gani?"

"Nitamwuliza mwenyewe," alisema Redio.