Askari wa Shingoni

Saa nne asubuhi mpimaji wa maabara alifuta lenzi ya darubini kwa pindo la koti, akaweka chini yake kipande cha nyama kilichotolewa shingoni mwa mdogo wake, fundi cherehani. Uvimbe wa tezi ulikuwa mdogo, kama harage. Lakini chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, zilikuwa zimejaa pomoni.

Mmoja alipanda ukingo wa kioo, akavua kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona wengi hivyo?"

"Adui ni mkali. Na tusikufiche, wenzetu kadhaa wameshahamia kwake. Wanamchotea maji."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema mpimaji, akavuta fomu.

Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, cha ukubwa wa uvimbe. Chini ya sentimita mbili, mgonjwa angoje miezi sita. Akaandika pembeni: askari wengi mno, hatari. Akaipeleka ofisi ya upasuaji, na karani wa huko akapafuta kwa wino mweupe.

"Kaka, huyo ni mdogo wangu, tumbo moja. Nakupigia magoti." Akayapiga kweli, mbele za watu, machozi yakimtiririka.

"Dada, hata angekuwa mama yangu mzazi. Una mashahidi? Walete."

Akawaleta. Askari mia nne wa shingoni, wenye sare nyeupe, wakajaza mabenchi ya ukumbini. Mfagiaji akawaambia, "Inueni miguu, jamani," wakainua. Karani alimsikiliza wa kwanza mpaka mwisho, akapiga mwayo.

"Maelezo mazuri. Ila hayana kisanduku."

Basi wakangoja. Fundi alikuja kila Jumatatu kuwashonea vifungo vilivyong'oka, huku sauti yake ikikauka mpaka akawa anaongea kwa mikono. Kila Jumatatu walipungua, na sare za walioondoka zilibaki zimekunjwa benchini. Mpimaji alizihesabu, akarudi maabara kulia. Alijua walikohamia.

Miezi sita ilipotimia, karani alifungua faili, akaita jina la fundi. Akaita mara ya pili. Askari mmoja tu, aliyebaki, alisimama.

"Tulimzika Ijumaa, mzee."

Karani alitazama fomu juu mpaka chini, akaigeuza, akatazama na nyuma. Kisha akaandika: Mgonjwa hakufika.

"Anayefuata," alisema.