Kamba Walioondoka Siku za Kilio

Jumamosi, tarehe 14 Februari 2026. Mvua ilikuwa imenyesha hadi alfajiri, na asubuhi ile ukungu ulilala juu ya mto Naviundu kama shuka ambalo hakuna aliyelikunja. Virginie aliutazama bila kuwaza neno. Ilikuwa siku ya arobaini tangu mumewe Sylvain afariki, na wakwe zake walikuwa wamefika kuondoa matanga.

Misa ilikuwa imekwisha. Wanawake walisonga bukari, ugali wa kwetu, uani. Virginie alikaa mkekani, vidole vikipita punje za rozari moja baada ya nyingine, lakini sala haikuja. Machozi nayo hayakuwa yamekuja tangu siku ya kwanza.

Nyuma ya nyumba, hatua thelathini kutoka mtoni, kulikuwa na bwawa alilolichimba Sylvain kwa mikono yake. Humo alifuga kamba wenye gamba la kibuluu na makucha mawili makubwa, ambao mito yetu haikuwa imewajua. Aliwatoa Zambia, akawapitisha mpakani Mokambo wakiwa hai ndani ya gunia lililoloweshwa maji. Hoteli za mjini ziliwanunua, na bwawa hilo ndilo lililoilisha nyumba. Kila jioni Sylvain aliwatupia maganda ya muhogo, kisha akakagua malata ya bati aliyoyasimamisha pande zote wasipande. "Kamba mwenye kushiba hatembei," alizoea kusema.

Liévin, kaka mkubwa wa marehemu, alisimama na kuuliza kama desturi inavyotaka: "Kuko muntu mwenye neno na marehemu? Aseme leo mbele ya bantu. Kesho masikio yetu itafungwa."

Kalaba, mvuvi wa jirani, aliinuka na ndoo mkononi.

"Kalaba, unatuletea mboga?" alidakia Gracia, wifi yake Virginie. "Bukari iko tayari!"

Watu wakacheka. Kalaba akaimwaga ndoo chini. Kamba saba wa kibuluu wakaanza kutambaa uani, na kicheko kikakatika.

"Hii nilitoa mu migono yangu leo asubui," alisema Kalaba. "Samaki yangu banakula nusu, nyavu banakata. Sikukuya hapa juu ya feza, kaka Liévin. Naviundu inaingia Kafubu, Kafubu inashuka mpaka Luapula, na kule bandugu zangu banavua. Tutabaambia nini?"

"Unasingizia maiti!" alifoka Liévin. "Ndugu yangu alikuwa anafunga lile bwawa kama tabernakulo ya kanisa. Bale ni bakamba ba muntu mwingine."

"Muntu gani mwingine iko na bakamba hapa Naviundu? Weye?"

Kamba mmoja alikuwa akiuelekea mkeka. Virginie alimtazama, akakumbuka siku ya tatu ya kilio. Mjane haondoki mkekani, na kazi ya marehemu haiguswi na mtu hadi siku za kilio zipite. Siku ile Gracia aliingia akitiririka maji ya mvua, akapiga kelele: "Bakamba ba Sylvain nabo banakuya ku kilio! Banatembea mu njia!" Wanawake walicheka huku wakilia. Virginie alisikia. Alijua maana yake: siku tatu bila chakula, na mvua imeangusha malata. Hata hivyo, neno moja tu la mjane lingetosha kumtuma mtu. Hakulisema. Aliyasikia yote kama mtu anayesikia redio ya nyumba ya jirani.

"Mama Virginie, sema weye," alisema Liévin. "Bwawa ilikuwa imefungwa, ao hapana?"

Alikuwa anamfungulia mlango. Angejibu ndiyo, Kalaba angerudi kwake akiitwa mwongo, na bwawa lingebaki. Virginie alimwomba Mungu machozi. Hayakuja. Sauti ndiyo iliyokuja.

"Ilifunguka siku ya tatu. Gracia alisema, nikasikia, nikanyamaza. Sylvain hana kosa. Kosa ni yangu."

Gracia akajishika kinywa.

"Unajua ile unasema?" Liévin alishusha sauti. "Utakula nini?"

"Sijui, shemeji."

Aliinuka mkekani. Akamkamata yule kamba kwa nyuma ya makucha, kama Sylvain alivyomfundisha, akamrudisha ndooni. Akawaokota na wengine, mmoja mmoja. Kisha akainua mkono wenye rozari.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu bote," alisema. "Kesho kisha misa nitakausha bwawa. Maji nitamwanga ku shamba, hapana ku mto, na hakuna kamba hata mudogo nitaacha. Na kila asubui nitashuka na Kalaba kubatega mu Naviundu. Labda hatutabamaliza. Lakini siku utaona nimekaa mu nyumba, Kalaba, ukuye uniite kwa jina yangu, useme kosa yangu mbele ya bantu."