Reli ya Mezani kwa Ignasi

Ignasi alikuwa fundi wa reli katika stesheni ya Mpanda. Mwishoni mwa 1978, vita na Uganda vilipokuwa vimeanza, alimaliza kutengeneza reli ndogo ya waya juu ya meza ya nyumbani kwake Majengo, akifuata ramani ya stesheni aliyoichora mwenyewe. Kichwa cha treni alikiunda kwa kopo la maziwa, akakitia mota ya gramafoni mbovu.

Jumapili baada ya misa alikaa kuijaribu. Mkewe Marsela alikuwa dirishani.

"Baba Paskalia, mjumbe anakuja. Ana mgambo wawili wenye bunduki."

Waliingia bila hodi. Mjumbe wa nyumba kumi, Mzee Ubaldo, alitazama nyaya, betri na karatasi yenye ile ramani ya stesheni.

"Watu wanasema unatengeneza bomu."

"Ni mchezo tu, mzee," Ignasi alijibu.

"Basi iwashe."

Ignasi alishika waya. Waya ulipogusa betri ulitoa cheche, na mgambo mmoja akamwelekezea bunduki kifuani. Marsela alipiga yowe. Treni ikaanza kutambaa, ikazunguka meza mara moja, kisha kwenye kona ya reli ikaanguka sakafuni.

Hakuna aliyecheka. Mzee Ubaldo aliikunja ramani akaitia mfukoni.

"Ng'oa kila kitu mbele yangu. Hii naipeleka kwa wakubwa."

Ignasi aling'oa. Wiki tatu zilipita na hakuna aliyekuja kumkamata, lakini kila waliposikia buti nje, yeye na Marsela waliacha kula, wakasikiliza mpaka zipite.