Jino la Kuume

Kliniki yetu ya meno hapa Kibiti ilipoingia kwenye mfumo wa kompyuta, mimi niliondolewa mapokezi. Miaka kumi na mmoja niliandika kadi za wagonjwa kwa mkono, na Daktari Theodory hakuwahi kulalamikia mwandiko wangu. Ila kwenye kishikwambi vidole vyangu vilikuwa vizito, watu wakajazana kwenye benchi, basi akaniambia kwa upole, "Dada Salima, njoo huku kwenye kuchemsha vyombo." Mapokezi akakaa Elinipendo, binti wa Upareni mwenye vidole vyepesi na adabu zake. Sikumchukia. Nilikichukia kile kishikwambi, na niliisubiri kwa hamu siku kitakapoaibika.

Jumanne moja akaja Bibi Sihaba wa Maparoni. Alipanda boti hadi Nyamisati, kisha bodaboda, shavu kaliziba kwa kanga. Magego yalikuwa yamembakia mawili tu.

"Shikamoo, bibi. Jino gani linakusumbua?"

"Marahaba. La kuume, mwanangu."

Kwetu kuume ni kulia. Aliyezaliwa hapa hahitaji kuelezwa. Elinipendo naye kanisani kwao hulisikia neno hilo kila Jumapili, lakini lilipopita kwenye kanga na kwenye pengo la meno ya mbele, alisikia "la kuuma".

"Najua linauma, bibi. Nionyeshe upande."

Bibi akabonyeza shavu la kulia. Walikuwa wamekaa wakitazamana, kwa hiyo shavu hilo lilikuwa kushotoni kwa Elinipendo. Mfumo hauendi mbele mpaka uguse upande. Akagusa kushoto.

Niliyaona yote. Nilikuwa mlangoni na trei ya koleo, hatua nne kutoka kwao. Ningeweza kusema. Nikanyamaza, kwa sababu nilimjua Daktari: lazima angeligonga jino kwa mpini wa kioo chake kidogo huku akimtazama mgonjwa machoni, angegundua, angetoka pale akiwa amekunja uso, na kishikwambi kingepata aibu yake mbele za watu. Bibi asingedhurika. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Niliporudi kwenye chumba cha kuchemshia, ng'ambo ya korido, niliwaona kupitia mlango ulioachwa wazi. Daktari hakugonga. Aliingiza kidude cha kupigia picha upande ulioandikwa, kushoto, na picha ikatokea papo hapo kwenye kompyuta. Gego la kushoto lilikuwa na tundu kubwa la zamani. Halikuwa likimuuma bibi hata kidogo. Ndilo alilokuwa akilitafunia. Daktari akalitazama kwenye kompyuta, akaridhika.

"La kuume," bibi akasema tena alipoiona sindano.

"Ndiyo, bibi, tunajua linauma. Sasa hivi litatulia."

Ganzi ikashika, naye akachukua koleo bila kugonga; hapo nikaweka trei chini, nikakimbia. Mgonjwa mwingine alikuwa amesimama kwenye korido na mtoto mgongoni, akanizuia, akiniuliza choo kiko wapi. Nilipofika ndani, gego lilikuwa kwenye bakuli. Bibi alikuwa amelegea mdomo upande mmoja, mkono kwenye shavu la kulia, machozi yakimtoka bila sauti.

Nilimweleza Daktari kwamba bibi alisema kuume, si kuuma. Akavua glavu. Kisha akamwomba bibi radhi, naye akapunga mkono tu, akaonyesha la kulia. Lilikuwa limemnyima usingizi wiki nzima, nalo likatolewa. Hivyo bibi akabaki hana cha kutafunia.

Daktari alituita mimi na Elinipendo. "Kuanzia kesho mtakaa wawili mapokezi," alisema. "Elinipendo ataandika, Salima atasikiliza." Elinipendo alikuwa akilia. Mimi nilikuwa nimerudishiwa kiti changu.

Nilimsindikiza bibi nje hadi kwenye bodaboda, nikamfunga kanga vizuri. Akanishika mkono. Ulimi ulikuwa bado mzito kwa ganzi, pamba imejaa mdomoni, lakini kila neno nililielewa.

"Wote wale hawakunisikia," alisema. "Wewe peke yako ndiye uliyenisikia, mjukuu wangu. Mungu akulipe."

Nikaitikia amina.